Mwaka wa Samaki wa Tonton Muhindo

Mama Kavira, mke wa Papa Kambale, hakunipigia simu kwa miaka mingi, na alipopiga hakusalimu. "Mwamini, Papa amekufa. Kuya." Nilikuwa mezani kwangu Lubunga nikisahihisha kazi za wanafunzi, nikaweka kalamu chini, nikavuka mto kwa mtumbwi wa mashine na kuchukua toleka hadi Makiso. Yule kijana wa baiskeli alinisemesha njia nzima, akili yangu iko kwingine. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja cha aibu: sikuwa nimeanza kumlilia Papa Kambale, nilikuwa najiuliza kama lile sanduku la kioo bado limo salon, sebuleni kwake. Lilikuwemo. Viti vyote na kabati vilikuwa vimetolewa nje ili wanawake wa matanga walale kwenye magodoro, lakini sanduku la samaki halikuwezekana kusogezwa, maana lilijengewa msingi wa saruji. Walikuwa wamelifunika kwa kitenge na kuweka juu yake picha ya marehemu, yule mfanyabiashara mkubwa wa Butembo aliyeuza sabuni, chumvi, mishumaa na dawa kwa jumla, akiwa amevaa koti la kijivu na tabasamu ambalo mimi sikuliona tena baada ya mwaka ule ninaotaka kuueleza.

Watu hawaniamini nikisema kwamba nilipokuwa msichana niliwahi kuchunga samaki wa bahari katikati ya Kisangani, mahali ambapo hata ukisafiri wiki nzima hujanusa harufu ya pwani. Papa Kambale aliliona sanduku kama lile katika hoteli moja ya Dubai, akalipenda hadi akakosa usingizi, akalileta vipande vipande. Mimi nilikuwa nasoma biolojia, natafuta chumba, naye alikuwa anatafuta mtu atakayejua kwa nini samaki wake wanakufa. Basi tukakubaliana: nikae kwake, nile kwake, niwachunge. Maji tuliyatoa kwenye mvua. Yalishuka kwa bati hadi kwenye mapipa, nikayachuja kwa kitambaa, nikayatia chumvi maalumu iliyokuja kwenye ndoo, nikaitazama ile tyubu ya kioo inayoelea mpaka ioneshe kwamba maji yana uzito wa bahari. Asubuhi salon ilikuwa na harufu mbili, ya chumvi hiyo na ya mikate ya mafuta ambayo Mama Kavira alikaanga nyuma. Nimekula vyakula vingi tangu wakati ule lakini hakuna kilichonipa raha kama mkate wa moto na chai ya tangawizi, huku wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe wakija kwenye kioo kunitazama nikitafuna.

Rafiki yangu mle ndani alikuwa Masika, binti yao mkubwa. Mume wake alikuwa akifanya kazi Bunia, naye alirudi kwa wazazi kwa sababu alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kwao mtoto wa kwanza huzaliwa mikononi mwa mama wa mama yake. Alikuwa mcheshi na mvivu, nasema hivyo kwa mapenzi. Alilala kwenye mkeka chini ya sanduku la samaki, tumbo likiwa juu, akiwapa samaki majina ya watu wa mtaa na kunieleza ugomvi wao. "Tazama, huyu mwanamuke anamufukuza bwana yake. Amekunywa mushahara yote." Nikicheka, aliniambia ninyamaze, ninawaharibia mazungumzo. Kila jambo la mwaka ule lina sauti yake ndani, na ndiyo maana nimechelewa kuliandika.

Ugonjwa wa kwanza ulikuja kabla ya majira ya mvua kubwa. Samaki mmoja alianza kujisugua kwenye mawe, halafu mapezi yake yakajaa vitone vyeupe, mithili ya chembe za chumvi ya mezani. Ni mdudu mdogo sana, hula ngozi na mashavu ya samaki mpaka pumzi inamwisha. Ubaya wake ni kwamba vitone huanguka vyenyewe. Unaamka asubuhi, samaki ni msafi, anakula, unamshukuru Mungu. Kumbe mdudu ameshuka mchangani kuzaa, na siku chache baadaye wanapanda wengi kuliko mwanzo. Kitabu kimoja cha zamani cha Kifaransa nilichokisoma maktaba kilisema kwamba wadudu wa namna hiyo huuawa kwa kinini, ile ile tunayokunywa kwa malaria. Lakini haifai kuimwaga kwenye sanduku lenyewe, maana huua na vile viumbe vidogo vya kwenye mawe vinavyosafisha maji. Kwa hiyo niliwahamishia wagonjwa kwenye beseni kubwa la bluu nyuma ya jikoni, nikaliacha sanduku bila samaki hadi wadudu wa mchangani wakose wa kumla.

Vidonge nilivisaga kwenye kinu cha pilipili. Katika maji ya mvua peke yake unga ulilala chini, haukutaka kuyeyuka, mpaka nilipokamulia ndimu. Nikachuja, nikashika glasi mlangoni kwenye jua ili nione kama imekuwa safi, na hapo Masika akapiga kelele. "Ee! Mwamini, angalia pale juu!" Kwenye ukingo wa maji, pale jua lilipogusa, kulikuwa na bluu nyepesi sana ambayo haikuwemo kwenye kidonge wala kwenye ndimu. Ukiiweka glasi mbele ya kitu cheupe, haionekani. Masika aliichukua akaishika mbele ya sketi yake nyeusi, na bluu ikatokea wazi. "Hii iko bleu ya Bikira Maria," akasema. Nilijua kwamba kinini ndani ya kitu kichachu hufanya hivyo kwenye jua, nilikuwa nimefundishwa, lakini sikuwahi kuiona kwa macho yangu. Tangu siku hiyo sikutengeneza dawa bila Masika kuidai glasi kwanza, aitazame, ndipo anirudishie. Samaki walipona karibu wote.

Baada ya hapo niliweka sheria, na Papa Kambale akaikubali kwa moyo wote: hakuna samaki mpya atakayeingia salon kabla ya kukaa majuma kadhaa kwenye beseni la nyuma. Sheria hiyo ilimpendeza kwa sababu ilifanana na kazi yake. Kila mzigo ulioingia depo yake, ghala la biashara, awe ameuleta nani, alifungua katoni moja mwenyewe. Sabuni aliigusa kwa ulimi, mshumaa aliuwasha, chumvi aliikoroga kwenye glasi. "Hata samaki ya gouverneur itapita nyuma kwanza," alisema akicheka, na wateja waliokuja kushangaa sanduku walicheka pamoja naye.

Ndipo akaja Tonton Muhindo. Alikuwa kaka yake Mama Kavira, mjomba wa Masika, kwa hiyo kwa Papa Kambale alikuwa bokilo, shemeji aliyemtoa mke. Asiyeishi kwetu hawezi kujua uzito wa neno hilo. Bokilo hakaripiwi, hapingwi mezani, haulizwi bei. Alifika kutoka Dubai akiwa na katoni za dawa zilizomfuata kwenye ndege ya mizigo, na juu ya magoti yake mfuko wa plastiki uliojaa hewa, na ndani yake samaki mkubwa wa bluu mwenye mkia wa njano. Tulikuwa mezani, kulikuwa na lituma ya ndizi, sombe ya majani ya muhogo na kuku. Mfuko uliwekwa kati ya sahani, samaki akigeuka geuka ndani. Kwenye pezi lake moja niliona kitone kimoja cheupe, au nilidhani nimekiona, nikasema polepole, "Papa, beseni iko tayari kule nyuma." Tonton Muhindo akageuka. "Beseni? Beseni ya kufulia manguo? Mi nimebeba samaki hii kwa magoti yangu toka Dubai, munataka kuiweka kwa kiwanja na mabata?" Alicheka, lakini mkono wake uliacha kula. Papa Kambale akatazama sahani yake, kisha akanitazama mimi. "Apana, bokilo. Itaingia salon leo leo, uione mwenyewe. Mwamini, on ne discute pas, hakuna kubishana." Masika akapoza mambo kwa mzaha wake: "Huyu iko Ministre, hapitiaka kwa barrière." Wote wakacheka, maana waziri hasimamishwi kizuizini, na jina likabaki. Ministre akamwagwa ndani ya sanduku, akazunguka mara moja, akaenda kukaa pangoni kwa wenzake. Alasiri ile ile katoni za dawa ziliingizwa depo. Nilisimama pale, nikamwona Papa Kambale akipapasa mfukoni kutafuta kisu chake kidogo cha kufungulia, halafu mkono ukatoka mtupu. Bokilo alikuwa amesimama karibu naye.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri mno. Tonton Muhindo alikaa, alisimulia, alimletea Masika ndizi za kukaanga na kumwita mama yake mdogo. Kisha vitone vikatokea, kwanza kwa wale wa rangi ya chungwa. Ministre mwenyewe alikuwa mnene na mtulivu. Wiki hiyo hiyo Masika akashikwa na homa. Kliniki ya karibu walimpima, wakasema ni malaria, na kwa mwenye mimba wakaandika kinini. Nani angekwenda kununua kinini mjini wakati depo ya baba imejaa? Tonton Muhindo mwenyewe alifungua boksi, akawa anampa vidonge kwa mkono wake, asubuhi, mchana na jioni, akimshikia glasi ya maji. Nami nikachukua boksi jingine la mzigo ule ule kwa ajili ya samaki wagonjwa, niliokuwa nimewarudisha kwenye beseni, Ministre akibaki sandukuni. Homa ya Masika ilishuka, akala wali na maharage, akatutania. Nikatazama beseni: vitone vilikuwa vimeanguka. Nilisimama pale na furaha ikanitoka mwilini, kwa sababu nilijua vitone vikianguka maana yake nini.

Asubuhi iliyofuata wote wawili, samaki na Masika, walikuwa wabaya zaidi. Nilisaga vidonge, nikakamua ndimu, nikachuja. Masika alikuwa kwenye mkeka wake amejifunika blanketi, midomo imekauka, akanyoosha mkono kudai glasi kama kawaida. Aliiweka mbele ya sketi nyeusi, akaigeuza huku na huku. Jua lilikuwa kali. "Mwamini," akasema, "leo Bikira amekwenda wapi?" Tukacheka kidogo. Mimi niliacha kucheka kabla yake. Nilitoka na glasi, nikajaribu ndimu nyingine, maji mengine, katoni nyingine. Hakuna. Ndipo nikakumbuka boksi la zamani, lile la ugonjwa wa kwanza, ambalo chini yake kilikuwa kimebaki kipande cha kidonge kilichovunjika. Nilikisaga kile kipande tu, na bluu ikatokea, nyepesi, palepale ilipopaswa kuwa. Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni nikiwa na glasi mbili mapajani. Vidonge vya Tonton Muhindo vilikuwa na uchungu wa kutosha kudanganya ulimi. Zaidi ya hapo havikuwa na kitu.

Nilimpelekea Papa Kambale zile glasi mbili depo, nikaziweka kwenye meza nyeusi mbele ya dirisha. Sikuhitaji kueleza mara mbili. Alikuwa mtu wa mizigo, aliona. "Nani mwingine ameona?" Nikamwambia Masika ameona lakini hajaelewa. Akasikiliza sauti ya Tonton Muhindo akizungumza na wapakiaji uani. "Bon. Bokilo anarudi kesho na ndege. Akishapanda, saa ile ile nitatuma dawa ingine." Nikasema, "Papa, Masika anakunywa hii. Yee na mutoto." Akafumba macho. "Nimesikia. Kesho. Unafikiri mi sina roho? Lakini siwezi kumuwekea bokilo glasi mbele ya macho yake, ndani ya nyumba yangu. Baba ya Kavira angetoka kaburini. Na nikituma mutu kununua quinine kwa wengine, depo yangu ikiwa imejaa, yee ataelewa mbele ya wote. Kesho, Mwamini. Siku moja tu." Sijilaumu kwa yaliyofuata, na sitajilaumu. Nilisema, kwa sauti, kwa mtu aliyekuwa na uwezo. Lakini hata leo nikisikia mtu akisema "siku moja tu" damu yangu hupanda.

Kesho yake ilinyesha mvua ile ya kwetu inayogeuza mchana kuwa giza. Tonton Muhindo aliaga, akatubariki wote, akaenda uwanja wa ndege. Papa Kambale alisimama barazani akitazama mawingu, na sijawahi kumwona mtu akiitazama mvua kwa chuki namna ile. Ndege haikutua. Kabla chakula cha mchana hakijaiva gari lilirudi, na Tonton Muhindo akashuka ameloa, anacheka, ameshika mfuko wake kichwani. "Mungu mwenyewe amekatala niende! Kavira, ongeza sahani." Papa Kambale alimpokea mfuko. Aliupokea, akampa taulo, akamsogezea kile kiti kikubwa. Mimi nilikuwa salon. Masika alikuwa amegeukia sanduku na alikuwa akizungumza na samaki, lakini hayakuwa tena yale mazungumzo ya kuchekesha. Alimwita Ministre kwa jina la mume wake, akamwuliza kwa nini amekaa ndani ya maji. Nikamshika mkono. Ulikuwa unachoma, na hakunitambua.

Nikaenda jikoni kwa Mama Kavira, nikamweleza yote kwa maneno machache, kinini, glasi, kesho ya Papa. Alikuwa anasonga foufou. Aliacha mwiko umesimama ndani ya sufuria. Hakupita salon, hakupita barazani alipokaa kaka yake. Alitokea nyuma, chini ya mvua, bila viatu, akasimamisha pikipiki. Alirudi na kinini ya kweli ameificha kifuani ndani ya nguo, na tukambeba Masika kliniki sisi wawili, tukampita Tonton Muhindo aliyekuwa mezani. Walimtundikia dripu ya maji, wakatia dawa ndani. Muuguzi alisema kwamba malaria imeshapanda kichwani, angepata dawa ya kweli siku moja mapema pengine angekuwa anakula sasa. Mama Kavira aliuliza tena, "Siku moja?" Muuguzi akasema ndiyo. Mtoto aliacha kucheza tumboni kwanza. Masika alimfuata mvua ikiwa imekwisha na jua limetoka, saa ambayo kwa kawaida alidai glasi yake.

Aliyelia kuliko wote kwenye matanga yale alikuwa Tonton Muhindo. Alijitupa chini, akashikwa na wanaume, na mpaka leo sijui kama alijua alichokileta. Nadhani alinunua kilichokuwa rahisi na hakutaka kujua zaidi. Alikalishwa kwenye kiti kikubwa, akawa wa kwanza kuletewa maji. Alipoondoka, Papa Kambale alichoma katoni zilizobaki nyuma ya depo, moshi wake ukaingia hadi salon. Lakini sehemu ya mzigo ilikuwa imeshavushwa mto na kupanda treni ya Ubundu, na nilipomwuliza atampigia simu nani huko, aliendelea kukoroga majivu kwa kijiti. Samaki wangu walikufa wote, isipokuwa Ministre. Yeye hakuwahi kuugua hata siku moja. Nilihama mwisho wa mwaka, nikamwacha akizunguka peke yake ndani ya bahari yote ile, mnene, anang'aa, akisubiri kulishwa. Nilisikia kwamba Papa Kambale alimlisha kwa mkono wake mpaka samaki huyo alipokufa kwa uzee, na kwamba Tonton Muhindo alikuja kila mwaka na alikaa kwenye kile kiti.

Juzi kwenye matanga ya Papa Kambale alikuja tena. Ni mzee sasa, anatembea kwa fimbo. Wanaume walisimama, wakamtafutia kiti. Alikaa chini ya turubai akitetemeka kidogo kwa homa ya safari, akaomba, kwa sauti ile ile ya upole, kama dada yake angekuwa na kidonge cha quinine humo ndani. Mama Kavira alikuwa ameketi kwenye godoro kati ya wajane wenzake. Aliinuka, akaenda nyuma, akarudi na sinia: boksi la vidonge, kinu kidogo cha pilipili nilichokitambua, kitambaa, nusu ya ndimu, glasi na maji. Aliweka sinia chini mbele ya miguu ya kaka yake na kupiga magoti. Wimbo wa kanisa ulipungua, sauti moja moja, mpaka ukaisha. Alisaga. Akamimina, akakamua, akachuja bila haraka. Kisha akasimama, akatoka nje ya kivuli cha turubai hadi kwenye jua, akashika glasi mbele ya nguo yake nyeusi ya kilio, akaitazama kwa muda mrefu. Watu wote waliitazama. Tonton Muhindo pia, na uso wake ukabadilika kuanzia mdomoni.

"Iko bleu," Mama Kavira akasema. Akampa glasi kwa mikono miwili, kwa heshima yote. "Kunywa, kaka. Hapa kwetu sasa tunaangaliaka kwanza."